Fleti ya Juu Kabisa: Kwa Nini Inauzwa Rahisi?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limechapwa kama lilivyosomwa, ili kila mwanafunzi aweze kulirudia mwenyewe polepole. Mwalimu wa darasa asimame kila penye hesabu, mpaka wote wamalize.

Natumaini umekaa vizuri, na una kalamu na daftari mbele yako. Leo tutasoma, na tutahesabu pia.

Tuseme wewe ni fundi cherehani. Mwenzako anapika chakula na kuuza. Mnapanga nyumba Mbagala, na kila siku mnapanda basi kwenda Kariakoo kazini na kurudi jioni. Kwa miaka mingi mmeweka akiba kidogo kidogo, mpaka sasa mna shilingi milioni 60. Siku moja dalali anakuja kwenye cherehani yako. Anasema: "Ndugu yangu, nina fleti Kariakoo hapa hapa. Vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani. Ni ghorofa ya sita, juu kabisa, upepo mtupu. Ya ghorofa ya pili imeuzwa milioni 95. Hii nitakupa kwa milioni 60. Lakini fanya haraka, kesho kutwa kuna mtu mwingine anakuja na fedha mkononi."

Utamjibu nini?

Bei hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya hesabu zetu. Usizichukue kuwa ni bei za mjini. Sasa andika katika daftari: 95 toa 60. Umepata 35. Basi ile fleti ya juu imepungua milioni 35 kuliko ya chini, na jengo ni lile lile, na ukubwa ni ule ule. Dalali hakuota usiku kwamba akupe zawadi. Ziko mahali fulani hizo milioni 35, na kazi yetu leo ni kuzitafuta.

Kwanza tuutazame mtaa wenyewe. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani kile kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hapo zamani ulikuwa mtaa wa nyumba za chini. Wazee wanazikumbuka: mlango mmoja mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani kuna banda la kupikia, choo, na pengine mti wa mwembe. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Mwaka 1975 likafunguliwa lile soko kuu, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli. Biashara ikakua. Wanunuzi wakaja kutoka mikoani, kisha kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Visiwa vya Komoro.

Ardhi ikapanda bei, na nyumba za chini zikaanza kuondoka. Mara nyingi ilikuwa hivi: jamaa wa ukoo wana kiwanja walichorithi, lakini hawana fedha za kujenga. Anakuja mtu mwenye fedha. Wanapatana. Yeye atajenga ghorofa, na wenye kiwanja watapewa fleti kadhaa au maduka kadhaa. Hivyo nyumba moja ya vyumba sita ikawa jengo la ghorofa sita au nane au zaidi. Chini maduka, juu fleti za watu kukaa.

Lakini mtaa haukusimama hapo. Mwenye duka la chini akahitaji mahali pa kuweka bidhaa zake, akapanga fleti ya juu yake iwe stoo. Analipa kodi kubwa kuliko mtu mwenye watoto, na halalamiki maji yakikatika, maana viatu na mabegi havinywi maji. Ghorofa kwa ghorofa, wakaaji wakaondoka na mabelo yakaingia. Februari 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 hapo Kariakoo. Ni habari njema kwa mfanyabiashara. Kwa mtu anayetaka mtoto wake alale saa mbili usiku, ni jambo la kulifikiri.

Mkumbuke hilo. Sasa shika kalamu.

Ukihamia Kariakoo utaokoa nini? Tuseme kodi yenu huko Mbagala ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,200 kwa mtu mmoja. Ninyi ni wawili, basi ni 2,400 kwa siku. Zidisha kwa siku 26 za kazi: 62,400. Jumlisha na kodi: 150,000 na 62,400 ni 212,400. Hizo ndizo mtakazookoa kila mwezi.

Lakini fleti nayo ina midomo yake. Kuna mchango wa jengo: mlinzi, usafi, umeme wa ngazi na wa pampu ya maji. Tuseme ni 80,000 kwa mwezi. Kisha kuna siku maji hayapandi juu, na mnamlipa kijana awapandishie ndoo. Tuseme ni siku 8 kwa mwezi, ndoo tano kila siku, shilingi 1,000 kila ndoo. Nane mara tano ni 40, basi ni shilingi 40,000. Jumla ya matumizi ni 120,000.

Toa 120,000 katika 212,400. Inabaki 92,400 kwa mwezi. Zidisha kwa 12: shilingi 1,108,800 kwa mwaka.

Sasa gawanya milioni 60 kwa 1,108,800. Usikate tamaa, hesabu hii ni ndefu. Mwalimu atawasaidia ubaoni. Jibu ni miaka 54 na kidogo. Yaani fedha mlizotoa zitarudi kwa njia ya akiba ya kila mwezi baada ya miaka 54!

Utaniambia, "Mwalimu, kodi za Mbagala hazitakaa pale pale. Na fleti ni mali. Naweza kuiuza, naweza kuwaachia watoto." Ni kweli kabisa, na ningefurahi kama kuna mwanafunzi aliyelisema kabla yangu. Kodi ikipanda, miaka ile itapungua. Lakini uone jambo ulilolisema: faida ya fleti hii hasa haiko katika kodi unayoacha kulipa. Iko katika kuweza kuiuza au kuirithisha. Na kitu cha kuuzwa au kurithiwa sharti kiwe kimesimama, na kiwe chako. Basi hayo mawili ndiyo ya kuyapima.

Tuanze na kusimama. Kapande ngazi mwenyewe. Usikubali kuonyeshwa picha katika simu. Hesabu vipandio. Kama kila ghorofa ina vipandio 18, mpaka ya sita ni 108. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila ndoo yenyewe. Dalali atakuambia lifti ipo. Uliza inafanya kazi, na nani analipa ikiharibika. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga ghorofa ya tano katika jengo lenye lifti nzuri ya kung'aa. Ilifanya kazi miezi minne. Baadaye wapangaji waliweka ndani yake mifagio na ndoo za kufagilia, na mama yangu mzazi hakuja kunitembelea tena mpaka nilipohama.

Nenda mara tatu. Nenda saa nane mchana, uguse dari kwa kiganja. Juu yako hakuna ghorofa nyingine, kuna zege tupu na jua la Dar es Salaam, na zege hutunza joto hata baada ya jua kuchwa. Nenda usiku, usikilize. Nenda siku ya mvua ya masika, au kesho yake, utazame pembe za dari na nyuma ya makabati. Rangi mpya mahali pamoja tu, wakati kuta nyingine ni kuukuu, imepakwa kuficha kitu.

Uliza pia juu ya paa kuna nini. Tangi la maji la lita 5,000 likijaa lina uzito wa kilo 5,000, yaani tani tano. Kama yako matatu, ni tani 15 juu ya kitanda chako. Si vibaya, ikiwa mhandisi aliyapangia mahali pake. Ni vibaya yakiwa yameongezwa baadaye na mtu asiyemwuliza mhandisi.

Na sasa tunarudi kwa yale mabelo. Mhandisi anapochora jengo la watu kukaa, sakafu huihesabu ibebe watu, vitanda na makabati: takriban kilo 150 mpaka 200 juu ya kila mita moja ya mraba. Belo moja la mitumba lina uzito wa kilo 45 hivi. Yakirundikwa kumi mahali padogo kama mita moja ya mraba, ni kilo 450. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi zaidi. Sakafu ya ghala hujengwa namna nyingine kabisa, kwa zege na nondo zaidi. Kwa hiyo unapopanda ngazi, usiende moja kwa moja mpaka ya sita. Simama kila ghorofa, utazame milango. Mlango wenye ndala na sufuria nje, hapo anakaa mtu. Mlango wa chuma wenye kufuli mbili na harufu ya maboksi, hiyo ni stoo. Andika idadi. Wewe utalala juu ya zote.

Kisha shuka mpaka chini, penye maduka. Tazama nguzo. Uliza kama kuna mtu aliyevunja ukuta apanue duka, au anayechimba chini aongeze chumba. Tazama nyufa, ufa mwembamba wa lipu si neno, lakini ufa unaokwenda mshazari katika nguzo au boriti, au mahali ambapo zege limebanduka na nondo yenye kutu inaonekana, hapo usinunue mpaka mhandisi aliyesajiliwa amekuja kutazama. Atakudai fedha. Mlipe.

Sisemi haya kwa kukutisha. Machi 29, mwaka 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na watu zaidi ya 30 walikufa. Novemba 16, 2024, Kariakoo penyewe, jengo la ghorofa lilianguka asubuhi watu wakiwa dukani. Waokoaji walichimba siku nyingi, na waliokufa walizidi 20. Moto nao upo: usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu la Kariakoo liliwaka. Moto ukianza katika stoo ya ghorofa ya tatu, mtu wa ghorofa ya sita atashuka kwa njia gani? Kama ngazi ni moja tu, na nusu yake imejaa maboksi, basi umeshaipata sehemu mojawapo ya zile milioni 35.

Kuna miji ambayo mambo haya yalikwenda kinyume, nami napenda kukitaja kisa kimoja. Huko New York, Marekani, kuna mtaa uitwao SoHo. Ulikuwa mtaa wa viwanda na maghala. Viwanda vilipohama, katika miaka ya 1960, wachoraji na wachongaji walikwenda kukaa katika zile ghorofa tupu, kwa sababu zilikuwa kubwa na za bei ndogo. Sakafu zake zilikuwa imara, maana zilijengwa kubeba mashine. Taabu yao ilikuwa karatasi: sheria ya mji haikuruhusu watu kukaa humo. Mwaka 1971 mji uliwaruhusu wasanii, na mwaka 1982 jimbo lilitunga sheria ya kuwalinda wapangaji wa ghorofa za namna hiyo. Baadaye mtaa ukawa wa matajiri. Kule ghala liligeuka nyumba. Kwetu Kariakoo nyumba inageuka ghala. Lakini swali la karatasi ni lile lile: jengo limeruhusiwa kuwa nini, na wewe ndani yake ni nani?

Basi tuje kwenye karatasi, na hapa soma polepole sana.

Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mwenye kiwanja hupewa hati ya kukitumia kwa muda, kama vile miaka 33, au 66, au 99. Tuseme jengo hili liko juu ya kiwanja chenye hati ya miaka 33, iliyotolewa mwaka 2004. Jumlisha: 2004 na 33 ni 2037. Mwenye hati anaweza kuomba aongezewe muda. Lakini wewe si mwenye hati. Je, nani ataomba? Na yale mahesabu yetu ya miaka 54 yameishia wapi?

Mwaka 2008 ilitungwa sheria nyingine, inayohusu umiliki wa sehemu ya jengo. Kwa sheria hiyo jengo moja laweza kugawanywa katika sehemu nyingi, na kila sehemu ikawa na hati yake peke yake, yenye jina la mwenyewe. Ngazi, paa, lifti na mapito huwa mali ya wote kwa pamoja. Wenye sehemu huwa na chama chao cha kulitunza jengo na kukusanya michango. Ukinunua fleti yenye hati ya namna hiyo, una kitu mkononi. Unaweza kukiuza, unaweza kukiweka rehani benki, na watoto wako wanaweza kukirithi.

Lakini majengo mengi bado yana hati moja tu, ya kiwanja kizima, yenye jina la mtu mmoja au la ukoo. Fleti huuzwa kwa karatasi ya mauziano, mashahidi wawili, na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba ulilipa fedha. Haikuandikishi kwa Msajili wa Hati. Mwenye kiwanja akiwa amekopa benki na kuweka hati rehani, kisha akashindwa kulipa, benki huuza kile kilichomo katika hati. Jina lako halimo. Na kama mwenye kiwanja alikufa, na msimamizi wa mirathi hajathibitishwa na mahakama, basi aliyekuuzia huenda hakuwa na haki ya kuuza hata kidogo. Ndugu zake watatokea siku moja, na watakuwa wengi.

Hapo ndipo palipofichwa fungu kubwa la zile milioni 35, kwa maoni yangu. Vipandio 108 huonekana na kila mtu. Karatasi isiyokuwapo haionekani.

Njia ya kujua ni moja. Mwombe muuzaji nakala ya hati, uchukue namba yake, uende katika ofisi ya Msajili wa Hati uombe kupekuliwa daftari. Utalipa ada, na utaandikiwa nani mwenye hati na kama kuna rehani juu yake. Asiyetaka kukupa namba ya hati amekwisha kukujibu. Tena, ikiwa muuzaji ana mume au mke na hapo ndipo nyumbani pao, ulizia idhini ya yule mwenzake kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Na wewe vilevile, jina la mwenzako liandikwe pamoja na lako. Akiba ni yenu wawili.

Mimi ningefanyaje? Kama fleti haina hati yake, nisingeinunua kwa milioni 60, wala kwa 40. Ningemwomba mwenyewe anipangishe mwaka mmoja, nionje masika yake na makelele yake, na huku nikimngoja atafute hati. Kama hati ipo, na mhandisi ameridhika, na stoo ndani ya jengo ni chache, ningekaa nayo mezani tena pamoja na mwenzangu, maana kuishi karibu na cherehani yako ni jambo kubwa, na saa mbili za basi kila siku nazo ni sehemu ya maisha ya mtu.

Dalali alisema kesho kutwa. Mwache kesho kutwa yake. Usimpe hata shilingi ya "kushikia nafasi". Mpe barua. Hii hapa, inakili katika daftari lako kwa mwandiko mzuri, kila mwanafunzi ya kwake, na mwalimu ataisahihisha.

Ndugu dalali,

Nimeiona fleti ya ghorofa ya sita. Kabla ya kuzungumza bei, naomba uniletee vitu hivi: nakala ya hati ya fleti yenyewe, au kama haipo, nakala ya hati ya kiwanja, kibali cha ujenzi, chenye idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, jina la mwenye kuuza na idhini ya mwenzi wake, na risiti za michango ya jengo za miezi 12 iliyopita.

Naomba pia kujua fleti ngapi katika jengo hili ni stoo.

Nitaleta mhandisi siku utakayonijibu.

Mimi,

(andika jina lako hapa)